Dawa ya deni ni kulipa, lakini kwanza liwe deni

Katika makundi ya WhatsApp ya Waswahili wa Uingereza niliyomo, tangu Novemba 2025 kuna ujumbe wa sauti unaorudi kila baada ya wiki mbili tatu kama homa ya vipindi: serikali imefuta madeni ya walezi, kwa hiyo mwenye barua ya kudaiwa aiweke kabatini atulie. Ujumbe huo haukutungwa hewani. Mwezi huo ilitoka ripoti ya Liz Sayce, aliyepewa na serikali kazi ya kuchunguza jinsi watu wanaouguza ndugu zao walivyojikuta wakidaiwa maelfu ya pauni za posho waliyokwisha kuitumia. Serikali ilikiri kwamba kwa takriban miaka kumi, tangu 2015 hadi 2025, mwongozo waliopewa maofisa wake wa kukokotoa kipato kinachopanda na kushuka haukulingana na sheria, na ikaahidi kupitia upya kesi zipatazo 200,000. Hapo ndipo wengi wetu tulipoacha kusikiliza. Makadirio ya serikali yenyewe ni kwamba watakaofutiwa au kupunguziwa deni ni kama 26,000. Mmoja kati ya wanane, hivi. Wale saba waliobaki wanasubiri kitu kisichokuja, na huku siku zao za kukata rufaa zinayoyoma.

Sina ugomvi na matumaini ya watu. Ninachokipinga ni wazo lililojificha nyuma yake: kwamba deni la serikali hushuka kutoka juu na huondolewa na walio juu, na kazi ya mdaiwa ni kulipa au kuomba dua. Barua ya madai haijawa hukumu. Ni kauli ya upande mmoja, na upande huo ndio wenye mzigo wa kuthibitisha inachosema. Njia ya kuubana utoe ushahidi wake ni rufaa ya maandishi, na anayeiandika haombi huruma ya mtu. Anauliza maswali mawili ambayo barua yenyewe huyakunja yakaonekana kama moja. Mapitio haya mapya hayajaifanya rufaa hiyo kuwa kazi bure. Kwa walio wengi ndiyo njia pekee iliyobaki.

Tuanze na posho yenyewe. Ilianza 1976, na jina lake la sasa, Carer's Allowance, likaja 2003. (Walioko Scotland wana posho yao nyingine na taratibu zake, kwa hiyo hawamo katika maelezo haya.) Masharti yake makubwa ni machache: uwe unamhudumia kwa saa 35 au zaidi kwa wiki mtu anayepokea fao fulani la ulemavu, na kama una kazi ya mshahara, kipato chako baada ya makato yanayoruhusiwa kisivuke kiwango. Mwaka wa fedha wa 2024/25 kiwango kilikuwa pauni 151 kwa wiki na posho pauni 81.90. Aprili 2025 kiwango kikapandishwa hadi pauni 196, na posho ikawa pauni 83.30. Ubaya wote uko kwenye ukingo. Ukivuka kiwango kwa peni moja, hukatwi peni moja. Posho ya wiki hiyo yote imekwenda. Mlezi aliyezidisha pauni moja kila wiki kwa mwaka mzima wa 2024/25 aliingiza pauni 52 zaidi ya alizoruhusiwa, akadaiwa pauni 4,258.80. Hakuna duka duniani linalotoza riba ya namna hiyo na likaachiwa leseni.

Mtu hupitishaje mwaka mzima juu ya ukingo bila kuambiwa? Mamlaka ya kodi hupata taarifa kila mwajiri anapolipa mshahara, na kompyuta huzipeleka Idara ya Kazi na Pensheni, DWP, zikiwa kama kengele: fulani kavuka. Kwa miaka kadhaa DWP ilikuwa inashughulikia karibu nusu tu ya kengele hizo. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi iliandika ripoti nzima kuhusu jambo hili mwaka 2019, na bado kufikia 2024 walezi zaidi ya 134,000 walikuwa wanadaiwa jumla ya zaidi ya pauni milioni 250. Kwa maneno mengine, deni dogo ambalo lingekomeshwa kwa barua moja ya mwezi wa kwanza liliachwa lilale, linenepe, kisha mlezi akaamshwa nalo likiwa limekwisha kuwa fahali.

Kasoro aliyoiona Sayce inahusu wale ambao kipato chao hakikai mahali pamoja, na hao wamejaa kwetu. Anayefanya usafi wa ofisi alfajiri, anayeitwa zamu za usiku katika nyumba za wazee, anayebeba maboksi kwenye ghala kwa mkataba usio na saa maalumu: hakuna anayejua wiki ijayo ataingiza ngapi. Chukua mtu aliyepata, kwa wiki tano za 2024, pauni 120, 120, 190, 120 na 190. Ukizihesabu wiki moja moja amevuka mara mbili, na mtindo huo ukijirudia mwaka mzima atadaiwa zaidi ya pauni 1,700. Zijumlishe uzigawanye kwa tano upate pauni 148, na hakuvuka hata mara moja. Kanuni za kukokotoa kipato za 1996 zinaruhusu hesabu ya pili: kama kazi ina mzunguko unaojulikana, wastani uchukuliwe kwa mzunguko huo, na kama hauna, kwa wiki tano au kipindi kingine kitakachotoa picha sahihi zaidi. Sheria ilikuwapo muda wote. Mwongozo wa ofisini ndio uliowapeleka maofisa kombo, na mlezi asingeweza kulijua hilo kwa kuisoma barua yake, kwa sababu barua iliandikwa kwa kufuata mwongozo huohuo.

Sasa yale maswali mawili. La kwanza: je, kweli nililipwa nisichostahili, na ni kiasi gani? La pili, ambalo watu wengi hawajui kama lipo: hata kama nililipwa kilichozidi, je, sheria inaruhusu nidaiwe nikirudishe? Kwa posho ya mlezi, kifungu cha 71 cha Sheria ya Usimamizi wa Hifadhi ya Jamii ya 1992 kinasema fedha iliyozidi hurejeshwa pale tu ambapo mlipwaji alitoa maelezo yasiyo ya kweli kuhusu jambo la msingi, au alishindwa kulieleza. Kosa likiwa la ofisi peke yake, fedha haidaiwi. Ni DWP inayopaswa kuthibitisha kwamba hukusema, na kwamba ulikuwa na wajibu wa kusema, na kwamba kule kutosema ndiko kulikozaa malipo hayo. Vilevile lazima kwanza ule uamuzi wa zamani uliokupa posho ubadilishwe rasmi, kwa kila kipindi kinachodaiwa. Hizi ni ngazi tatu nne, na kila ngazi ina mahali pa kuteleza. Ndiyo maana rufaa inayosema tu «sikubaliani na deni hili» huwa imeacha nusu ya silaha nyumbani.

Wanaodhani nakuza mambo waikumbuke kesi iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza tarehe 8 Desemba 2010. Kabla yake, DWP ilikuwa ikiwaandikia watu barua za kuwataka warejeshe fedha ambazo ofisi yenyewe ilikubali kwamba zilizidi kwa makosa yake, ikiashiria kuwa ingeweza kwenda mahakamani kwa kanuni za kawaida za madai, nje ya kifungu cha 71. Makumi ya maelfu ya barua za aina hiyo zilitumwa. Shirika la Child Poverty Action Group likalipeleka suala hilo mahakamani, na Mahakama ya Juu ikasema hapana: bunge limeweka njia moja ya kurejesha, na idara haina njia ya mlango wa nyuma. Kwa hiyo wapo watu waliopokea bahasha ya kahawia yenye nembo ya serikali, wakalipa, na sheria haikuwa imempa aliyeandika barua ile haki ya kudai. Jambo hilo halikutokea kwa maharamia wa mtandaoni. Idara ya serikali ndiyo iliyolifanya, kwa karatasi rasmi.

Upande wa pili una hoja, na nyingine ni nzito. Fedha ya mafao ni ya walipa kodi, wakiwamo hao hao wabeba maboksi. Kila anayepokea posho huambiwa kwa maandishi kwamba akipata mabadiliko ya kipato aseme. Wapo waliojua kabisa wamevuka na wakanyamaza. Nchi ikisema kila aliyelipwa zaidi abaki nazo, anayekuwa mwaminifu ataonekana mjinga. Nayakubali yote hayo, wala sioni kwamba yanaipinga rufaa. Yanapinga kusamehe kiholela, nalo ni jambo jingine. Rufaa ndiyo inayomtenga aliyenyamaza na ambaye hakuvuka kamwe.

Hoja dhaifu kuliko zote inatoka kwetu wenyewe, kwa wazee wa heshima, tena kwa nia njema: dawa ya deni ni kulipa. Mpangie serikali pauni 20 kwa mwezi, uishi kwa amani. Msemo huo ni wa kweli kwa deni la duka la mangi, ambapo wewe ndiye uliyechukua sukari na unga na jina lako liko kwenye daftari kwa ridhaa yako. Hapa daftari limeandikwa na mmoja, kiasi kimekokotolewa na huyohuyo, na yeye mwenyewe amekwisha kukiri kwamba kwa miaka kumi alikuwa akikokotoa vibaya kwa baadhi ya watu. Kulipa haraka deni la namna hiyo ni woga uliovaa kanzu ya uungwana. Woga wenyewe una sababu, sitaudharau. Wengi wetu tumetoka mahali ambapo kubishana na ofisi ya serikali kuna gharama, na hapa kuna hofu ya makaratasi ya ukaazi. Lakini baraza la rufaa za mafao haliko chini ya DWP, halitozi ada, na kuliendea ni haki iliyoandikwa katika sheria.

Nikiwa mkali kwa wazee, haki inanitaka niwe mkali pia kwa vijana wanaoandika rufaa kwa mihemko. Hoja wanayoipenda ni hii: serikali ilikuwa inaona mshahara wangu kwenye kompyuta, kwa hiyo ilijua, kwa hiyo haiwezi kunidai. Kwa akili ya kawaida inaingia. Kwa sheria, ikisimama peke yake, haifiki mbali. Mwaka 2005, katika kesi ya Hinchy, Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati ule, liliamua kwamba mpokeaji hawezi kujificha nyuma ya taarifa iliyoko katika ofisi nyingine ya idara hiyohiyo: anapaswa kuieleza ofisi inayomlipa. Mwaka huohuo Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya mama mwenye ulemavu wa akili ambaye watoto wake walikuwa wamechukuliwa kulelewa na serikali na yeye akaendelea kulipwa kwa ajili yao, ilisema kwamba mtu anaweza kuwa ameshindwa kueleza hata kama hakuelewa kwamba jambo hilo lilihitaji kuelezwa. Ni uamuzi mchungu. Ina maana «sikujua Kiingereza vizuri» ni sababu nzuri ya kuomba deni lisamehewe kwa hali ya mtu, ombi ambalo ni tofauti na rufaa na hutegemea hiari ya idara, lakini ni msingi mwembamba wa rufaa yenyewe.

Msingi mnene uko wapi? Uko katika maneno. Mwaka 2007 Mahakama ya Rufaa iliamua kesi ya Hooper, mtu aliyekuwa akipokea fao la kutoweza kufanya kazi kisha akaanza kazi bila kuiarifu ofisi. Karatasi ya maelekezo aliyopewa ilitumia lugha ya «yafaa utuambie» kwa ule upole wa Kiingereza unaokaribia ushauri, bila kumwamuru. Mahakama ikaona kwamba kauli hiyo haikuwa wazi vya kutosha kuweka wajibu wa kisheria, na bila wajibu hakuna kushindwa kuutimiza. Deni likaanguka kwa tofauti ambayo sisi tungeitafsiri kama ile iliyopo kati ya yafaa na lazima. Kwa hiyo anayekata rufaa jambo la kwanza aombe nakala ya kila barua aliyotumiwa kwa miaka inayodaiwa, asome ni kitenzi gani kilitumika, na aitake DWP ioneshe ni maelekezo gani hasa anayodaiwa kuyakiuka. Na kama alipiga simu kueleza kuhusu mshahara wake, aombe kumbukumbu za simu hizo. Kuomba taarifa zako binafsi ni bure kwa sheria ya ulinzi wa data, na ofisi hupewa mwezi mmoja kujibu kwa kawaida. Rekodi za sauti hazihifadhiwi milele, kwa hiyo anayesubiri anapoteza shahidi wake.

Hapa ndipo utamaduni wetu wa kuandika barua unapotuponza. Mswahili hawezi kuanza na jambo. Anaanza na salamu, anaomba radhi kwa usumbufu, anasema yeye ni mtu wa chini asiyejua mengi, kisha anaingia. Kwetu hiyo ni adabu, na asiyefanya hivyo hakulelewa. Lakini «naomba radhi kwa yaliyotokea» ikitafsiriwa na kuwekwa kwenye faili la deni, msomaji wa upande wa pili anaweza kuisoma kama kukiri. Nimeona rufaa zenye kurasa tatu za maradhi ya mama, gharama za mazishi nyumbani na sala za kuwaombea maofisa, ambazo ndani yake hakuna tarehe moja wala karatasi moja ya mshahara. Baraza la rufaa lina huruma kama watu wengine, ila halina mamlaka ya kufuta deni kwa huruma. Linaweza tu kuamua kama deni lipo na kama linadaika.

Nami nina dhambi yangu katika hili. Mwaka juzi niliombwa na mama mmoja wa Mombasa, anayemuuguza mama yake, nimwandikie barua ya kupinga deni. Alikuwa anapata pauni 165 kwa wiki, na kila wiki alimlipa mtu pauni 20 akae na bibi saa ambazo yeye yuko kazini. Kanuni zinaruhusu malipo kama hayo kuondolewa kwenye kipato, hadi nusu ya mshahara halisi, kama vile zinavyoruhusu nusu ya mchango wako wa pensheni kuondolewa, na wengi hawayajui makato haya. Toa 20 kwenye 165, inabaki 145, chini ya kiwango cha pauni 151 cha wakati ule. Deni lote linayeyuka. Nikamuuliza nani alilipwa, akasema «dada», nikaandika kwa Kiingereza kwamba ni ndugu yake wa kuzaliwa. Sasa kanuni hizohizo zinasema anayelipwa asiwe ndugu wa karibu wa mlezi wala wa mgonjwa: mwenza, mzazi, mtoto, kaka au dada. Kwa mkono wangu nilikuwa nimeliua dai lake. Siku ya pili, tukiwa tunakunywa chai, ndipo nikasikia kwamba huyo dada ni binti wa mama yake mdogo. Kwa Kiswahili ni dada bila mjadala. Kwa kanuni za Uingereza ni binamu, na binamu hayumo katika orodha. Mimi ni mwandishi, nakula kwa lugha, na sikuuliza.

Taratibu zenyewe si ngumu. Hatua ya kwanza ni kuiandikia ofisi iliyofanya uamuzi kuitaka iutazame upya, ndani ya mwezi mmoja tangu tarehe iliyo juu ya barua. Tarehe hiyo ndiyo inayohesabiwa, bila kujali posta iliileta lini. Ikikataa, itatoa hati inayosema imekataa, na hati hiyo ndiyo tiketi ya kwenda baraza la rufaa, tena ndani ya mwezi mmoja. Aliyechelewa kwa sababu nzuri anaweza kukubaliwa hadi miezi 13. Kwa uamuzi wa zamani zaidi ya hapo, mlango uliobaki ni kuonyesha kwamba ulitokana na kosa la ofisi, kwa kuwa uamuzi wa namna hiyo unaweza kurekebishwa wakati wowote, na kukiri kwa serikali kuhusu wastani kumeufungua mlango huo kidogo. Omba kwa maandishi makato ya kulipia deni yasimamishwe mpaka uamuzi utoke. Fomu ya rufaa inauliza kama unahitaji mkalimani na wa lugha gani, hata lahaja, naye ni bure. Wabarawa msiandike Kiswahili kwa kuona haya, andikeni Chimwini. Na hatari iliyopo nayo isemwe: baraza likifungua faili linaweza kuona mambo ambayo hukuyauliza, na uamuzi unaweza kuwa mbaya kuliko ulivyokuwa. Anayejua moyoni mwake kwamba alivuka na akanyamaza apate kwanza ushauri wa bure kwenye kituo cha ushauri cha mtaani kwake.

Kuna pingamizi moja dhidi ya msimamo wangu ambalo siwezi kulipuuza, nalo linatoka kwa watu wa haki za jamii. Wanasema: kumtaka mlezi aliyekesha na mgonjwa aandike rufaa ya kisheria ni kumtwika aliyeonewa kazi ya kumrekebisha aliyemwonea. Mfumo ukiwa mbovu urekebishwe wenyewe. Wanaitaja Australia, na wana haki. Huko, kuanzia 2015, serikali iliendesha mpango uliokuja kuitwa Robodebt. Kompyuta ilichukua kipato cha mwaka mzima cha mtu, ikakigawanya sawasawa kwa vipindi vyote, kisha ikamdai aliyelipwa mafao katika miezi ambayo kwa kweli hakuwa na kazi. Angalia kejeli hii: Uingereza ilizalisha madeni kwa kukataa kuchukua wastani, Australia ikayazalisha kwa kuuchukua. Wastani hauna kosa. Kosa lilikuwa kwamba pande zote mbili hesabu iliyopendelea mdai iliachiwa isimame hadi mdaiwa aiangushe. Na mwaka 2017 Terry Carney, mjumbe wa baraza la rufaa la Australia, aliamua katika mashauri kadhaa kwamba madeni hayo hayakuwa yamethibitishwa. Warufani walishinda. Serikali haikukata rufaa dhidi ya maamuzi hayo, ambayo hayakuchapishwa, na mashine ikaendelea kudai watu wengine hadi Novemba 2019, mdaiwa mmoja aitwaye Deanna Amato alipopata amri ya Mahakama ya Shirikisho kwamba deni lake halikuwa halali. Tume iliyouchunguza mpango huo, chini ya Catherine Holmes, ilitoa ripoti yake Julai 2023.

Somo ninalolipata hapo si kwamba rufaa za mtu mmoja mmoja hazina kazi. Zilifanya kazi yake kwa waliozikata. Kilichokosekana ni njia ya ushindi wa mmoja kumfikia wa pili. Uingereza nayo ina udhaifu huo: uamuzi wa baraza la ngazi ya kwanza haumfungi ofisa kwenye faili la jirani yako, ni ule wa baraza la juu ndio unaofunga. Kwa hiyo mlezi aliyeshinda akanyamaza, kwa aibu ya kujulikana kwamba anapokea benefiti, anafanya bila kujua kile ambacho serikali ya Australia ilikifanya kwa makusudi. Vikundi vyetu vya misikiti, makanisa na vyama vya mazishi, ambavyo vinajua kukusanya pauni 3,000 kwa usiku mmoja kusafirisha maiti, vingeweza pia kuweka daftari la rufaa: hoja gani ilitumika, karatasi gani zilikubaliwa, majina yakiwa yamefichwa.

Na tuangalie mbele, maana hatari kubwa kuliko deni la leo ni kubadilishwa kwa lile swali la pili. Kwa Universal Credit, fao la wenye kipato kidogo, limekwisha kubadilishwa. Sheria ya mageuzi ya mafao ya 2012 iliruhusu kilichozidi kudaiwa hata pale kosa lilipokuwa la ofisi peke yake, na aliyeeleza kila kitu kwa wakati yuko sawa na aliyeficha, mpaka idara yenyewe iamue kwa hiari kumsamehe. Mlezi anayepokea posho bado analindwa na kifungu cha 71, na ulinzi huo ni wa zamani, wa nchi iliyokuwa ikiamini kwamba ofisi ibebe makosa yake. Sasa hivi wote wanazungumza juu ya kuuondoa ule ukingo, posho ipungue taratibu badala ya kukatika. Ni jambo jema. Lakini mswada utakapoletwa, mimi nitaanza kuusoma kutoka nyuma, kwenye vifungu vya kurejesha fedha.

Nimtaje mtu mmoja kabla sijaweka kalamu. Posho hii ilipoanza 1976, mwanamke aliyeolewa na kuishi na mumewe hakuruhusiwa kuipata, kwa dhana kwamba angekuwa nyumbani hata hivyo. Jacqueline Drake aliacha kazi mwaka 1984 kumuuguza mama yake, akaomba, na dai lake likapingwa. Karatasi zake zilipanda ngazi hadi Mahakama ya Haki ya Ulaya, ambayo ilimpa ushindi tarehe 24 Juni 1986. Siku moja kabla, serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba wanawake walioolewa wangeanza kulipwa. Mama wa Mombasa niliyemwandikia hakuwa amemsikia kabisa, wala mimi sikumwambia, tulikuwa na haraka ya posta. Barua yake ya pili ilitoka ukurasa mmoja, na risiti za benki za pauni 20 zimebanwa nyuma kwa mpangilio wa tarehe. Hakuna mahali aliposema samahani. Pale palipotakiwa uhusiano wake na aliyelipwa, tuliandika kwa ukamilifu: binti wa dada yake mama.